Kibao Mbele ya Shule

Katika Queens, moja ya sehemu tano kuu za jiji la New York, iko njia panda ambapo Barabara ya 67 yakutana na Mtaa wa 110. Kando yake imesimama shule ya sekondari ya Forest Hills, jengo kubwa la matofali ambalo hupokea wanafunzi kila asubuhi kama shule nyingine yoyote. Mwezi wa Oktoba 2016 watu walikusanyika hapo, wakainua macho, na kibao kipya kikafunuliwa juu ya nguzo. Kibao hicho kilitangaza kwamba mahali pale, bila kupoteza jina lake la zamani, sasa pataitwa pia The Ramones Way, yaani Njia ya Ramones.

Ikiwa hujapata kulisikia jina hilo, msomaji, usione haya. Ramones hawakuwa majemadari, wala mabalozi, wala matajiri waliojengea watu hospitali. Walikuwa vijana wanne waliopita katika shule hiyo hiyo, wakaunda bendi mwaka 1974, wakapiga muziki ambao wakubwa wao wengi waliuita makelele. Muziki huo ndio uliokuja kuitwa panki, tawi kali la roki, na wao wahesabiwa miongoni mwa waliolipanda.

Nakuomba tulipime pamoja tendo hilo la jiji. Je, lilifanya vyema kuwapa heshima watu wa namna hii, tena mbele ya shule? Na liliheshimu kitu gani hasa? Watu hudhani kwamba aliyetukuzwa amekwisha kufahamika. La hasha! Mara nyingi mtu hutukuzwa ili asisikilizwe tena. Jina lake hupandishwa juu ya nguzo, na kazi yake huachwa chini. Kwa hiyo hatuwezi kukihukumu kibao kabla ya kuihukumu kazi, na hapo ndipo yatupasa kuanza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 muziki wa roki ulikuwa umenenepa. Bendi zilizopendwa zilipiga nyimbo ndefu, na katikati ya wimbo mpiga gitaa alitoka mbele kuonyesha ufundi wa vidole vyake kwa dakika nyingi, na mpiga ngoma naye akataka zamu yake. Kulikuwa na uzuri katika mambo hayo, wala sitaki kuyadharau. Lakini kijana wa kawaida aliyekaa chumbani mwake na gitaa la bei rahisi aliuona muziki huo kama ngome isiyo na mlango. Alitakiwa ajifunze miaka kumi kabla ya kuthubutu kusimama mbele ya watu.

Ramones walikuja na mlango. Nyimbo zao nyingi zilikuwa za dakika mbili hivi. Hazikuwa na sehemu ya mpiga gitaa kujionyesha. Zilianza kwa kuhesabu kutoka moja mpaka nne, zikaenda mbio bila kugeuka nyuma, zikakoma ghafla; na kabla msikilizaji hajapiga makofi, hesabu ya wimbo mwingine ilikuwa imekwisha anza. Santuri yao ya kwanza, iliyoitwa kwa jina lao na kutolewa Aprili 1976, ina nyimbo 14, na zote pamoja hazipiti dakika 30. Iligharimu kiasi cha dola 6,400 kuirekodi, fedha ambazo kwa bendi kubwa za wakati ule zingalimalizika kabla vyombo havijapangwa.

Basi wengi waliosikia jambo hilo walisema, na hata leo wapo wasemao, kwamba watu hawa walipiga hivyo kwa sababu hawakujua kupiga vinginevyo. Ni kweli kwamba walianza wakiwa si mafundi. Joey, aliyekuja kuwa mwimbaji, kwanza alikalishwa penye ngoma, na Dee Dee ndiye aliyeimba. Walipoona mambo hayaendi, wakabadilishana nafasi. Tommy, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasimamia, aliwatafuta wapiga ngoma wakaja na kushindwa, maana kila mmoja alitaka kutia mapambo. Mwisho akaketi mwenyewe, ingawa hakuwa mpiga ngoma. Lakini jambo hili la mwisho lenyewe latuonyesha ukweli. Waliokataliwa hawakukataliwa kwa kukosa ufundi. Walikataliwa kwa sababu hawakuweza kujizuia.

Chukua mkono wa kulia wa Johnny, mpiga gitaa. Mpiga gitaa wa kawaida hupiga nyuzi mkono ukishuka, tena hupiga ukipanda, na hivyo hupata nafuu nusu ya kazi. Johnny alipiga ukishuka tu. Kila pigo lilishuka, haraka, kwa nguvu moja, wimbo baada ya wimbo, mpaka mwisho wa tamasha. Jaribu tu kuigonga meza kwa namna hiyo kwa dakika mbili, kwa mwendo wa kukimbia, bila kupunguza, ndipo utakapojua kwamba hiyo si kazi ya mvivu. Gitaa alilolipigia alilinunua mwaka 1974 kwa dola 50 hivi, la aina ya Mosrite, ambayo wapiga roki mashuhuri wa siku zile hawakuitazama sana.

Sisi tuliolelewa na ushairi wa Kiswahili tuna njia nzuri ya kulifahamu jambo hili. Mshairi wa tarbia amejifunga: mishororo minne katika kila ubeti, mizani 16 katika kila mshororo, vina katikati na mwisho. Mtunzi wa utenzi amejifunga zaidi, maana ana mizani 8 tu, na huenda akaandika beti mia kwa kipimo hicho hicho. Hakuna mtu mwenye akili asemaye kwamba tenzi zote ni utenzi mmoja kwa kuwa mizani yake ni ile ile. Tunajua kwamba kipimo ni ua wa nyumba, na maisha yako ndani. Lakini msikilizaji husikia nyimbo tatu za Ramones akasema, “Zote ni wimbo mmoja.” Amesikia mizani, hakusikia shairi.

Na shairi lenyewe ni lipi? Hapo ndipo ninapowaona wengi wa wanaowasifu wakikosea sawa na wanaowalaumu. Wote wawili husikia kelele tu. Mmoja huipenda, mwingine huichukia. Sikiliza sauti ya Joey. Chini ya ngurumo ya gitaa anaimba kwa upole, karibu na kusihi, kama waimbaji wa kike wa Marekani wa miaka ya mwanzo ya 1960 aliowapenda tangu utotoni, na hasa kundi la Ronettes. Mwaka 1999, karibu na mwisho wa maisha yake, alisaidia kutengeneza santuri ya Ronnie Spector, mwimbaji mkuu wa kundi hilo, kana kwamba analipa deni. Ukiiondoa kelele utabaki na wimbo mtamu wa mapenzi au wa upweke, wenye kiitikio ambacho mtoto aweza kukishika mara moja. Utamu huo kuvishwa ngurumo hiyo ndio uvumbuzi wao. Mmoja bila mwingine usingalidumu.

Maneno ya nyimbo zao ni machache, na mengi ni ya mzaha. Yahusu vijana wasio na la kufanya mchana kutwa, sinema za kutisha, kunusa gundi, kupigana, kupenda bila kupendwa. Mwalimu angaliyasahihisha kwa kalamu nyekundu. Lakini humo mna jambo ambalo vitabu vizuri vya wakati ule havikulisema wazi: kwamba kijana wa mjini aweza kuwa na chakula, na shule, na televisheni, na bado akaona maisha yake ni chumba kisicho na dirisha. Ramones hawakulihubiri jambo hilo. Walilitaja kwa uso mkavu, kama mtu atajaye hali ya hewa.

Sifa hizo zisinifanye nifiche dosari. Iko dosari moja ambayo si ndogo. Katika santuri ile ya kwanza waliichezea lugha ya Wanazi wa Ujerumani kwa mzaha. Dee Dee, aliyeandika nyimbo nyingi, alikuwa mtoto wa askari wa Marekani na mama Mjerumani; alikulia Ujerumani baada ya vita, akiokota mabaki ya vita kama watoto wengine waokotavyo mawe mazuri. Joey alikuwa Myahudi. Tommy alizaliwa Budapest mwaka 1949 kwa wazazi Wayahudi waliookoka kwa kufichwa, na jamaa zao wengi waliuawa. Watetezi husema kwamba mzaha katika vinywa vya watu hao haukuwa na ubaya. Mimi naona kwamba jibu hilo latosha nusu tu. Msikilizaji aliye mbali hajui nani amezaliwa wapi. Yeye hupokea neno lilivyo. Lakini haki yataka pia tuseme kwamba mwaka 1985, Rais Reagan alipozuru makaburi ya Bitburg huko Ujerumani, walikozikwa askari wa SS pamoja na wengine, ni Joey na Dee Dee waliotunga, pamoja na Jean Beauvoir, wimbo wa kumlaumu. Johnny alimpenda Reagan na hakupendezwa. Wimbo ulipoingizwa katika santuri yao ya mwaka uliofuata ukapewa jina jingine ili aridhike. Huo ni mmoja wa nyimbo zao bora, na ndani yake mzaha umekomaa ukawa hasira ya mtu mzima.

Wala kazi yao yote haiko kwenye kilele kimoja. Santuri tatu za kwanza, zilizotoka mwaka 1976 na 1977, ndizo nguzo. Kama ningelazimishwa kuchagua, ningechagua ya tatu, Rocket to Russia, kwa kuwa humo nyimbo zina utamu zaidi bila kupoteza ukali, ingawa ya kwanza ndiyo iliyobadili mambo. Kwa santuri yao iliyotoka mwaka 1980 walimwita Phil Spector, mtengenezaji wa santuri mwenye sifa kubwa, wakitumaini kwamba atawafikisha kwa umma. Alifanya kazi kwa gharama kubwa na kwa muda mrefu, akawavika kanzu isiyo ya kipimo chao. Santuri hiyo ilipanda hadi nafasi ya 44 katika orodha ya Marekani, na hawakupata kupanda zaidi ya hapo maisha yao yote. Zilizofuata zina nyimbo nzuri hapa na pale, mfano wa mshumaa katika nyumba kubwa.

Sasa turudi mjini. Vijana hawa hawakulelewa na jukwaa lolote la heshima. Tarehe 16 Agosti 1974 walipanda kwa mara ya kwanza katika jukwaa la kilabu iliyoitwa CBGB, namba 315 katika barabara ya Bowery, sehemu ya kusini ya kisiwa cha Manhattan. Bowery ya siku zile ilikuwa makao ya walevi na watu wasio na nyumba. Mwenye kilabu, Hilly Kristal, alikuwa ameifungua Desemba 1973 akikusudia kuleta muziki wa mashambani. Herufi za jina lake zilihusu aina za muziki ambazo karibu hazikupigwa humo. Wapigaji wa aina hizo hawakuja kwa wingi, wakaja vijana wasio na mahali pengine. Aliwapokea kwa sharti moja, kwamba wapige nyimbo zao wenyewe, wasiige za watu. Sharti hilo dogo lilizaa matunda makubwa kuliko shule nyingi za muziki.

Waliovaa jaketi nyeusi za ngozi na suruali za jinzi zilizochanika magotini, wote wanne wakajiita ndugu kwa jina la Ramone. Jina hilo walilitoa katika jina la bandia ambalo Paul McCartney wa Beatles alipata kulitumia alipokuwa kijana. Hawakuwa ndugu. Joey na Johnny walikosana kwa jambo la mapenzi, wakakaa miaka mingi wakisafiri katika gari moja na kusimama jukwaani pamoja bila kusemezana. Hata hivyo walipiga matamasha 2,263 mpaka walipoaga mwezi wa Agosti 1996. Julai 1976 walikwenda London, na vijana wa Uingereza waliokuwa wakianza bendi zao walikuja kuwasikiliza, wakaenda zao na somo kwamba hapana haja ya kungoja mpaka uwe fundi. Nyumbani kwao santuri ya kwanza ilifika nafasi ya 111, ikatoweka. Nabii hakubaliki kwao, na hawa walikuwa manabii wenye nywele machoni.

Heshima ilikuja polepole, na ilikuja ikifuatana na jeneza. Joey, mtu mrefu wa futi 6 na inchi 6 aliyeishi tangu ujana wake na maradhi ya akili ya kulazimika kurudiarudia jambo, alikufa kwa saratani tarehe 15 Aprili 2001. Mwaka uliofuata bendi iliingizwa katika Jumba la Heshima la roki, na miezi michache baadaye Dee Dee akafa kwa heroini. Tarehe 30 Novemba 2003 jiji la New York liliipa pembe ya Bowery na Mtaa wa 2 wa Mashariki jina la Joey Ramone Place. Karibu na hapo, katika mtaa huo, alikuwa akiishi Arturo Vega, msanii aliyezaliwa Meksiko, ambaye aliwakaribisha Joey na Dee Dee nyumbani kwake na kuwachorea nembo yao kwa kuigeuza ile ya Rais wa Marekani: tai ni yule yule, bali ameshika tawi la mtofaa na rungu la mchezo wa besiboli. Yamkini umeiona nembo hiyo kwenye fulana, hata katika mitumba, imevaliwa na mtu asiyejua kwamba ni ya bendi.

Kibao cha Bowery kiliibwa. Kikawekwa kingine, nacho kikaibwa. Ikawa hivyo mara kwa mara, mpaka kikapata sifa ya kuibwa kuliko kibao kingine chochote cha jiji hilo. Mwaka 2010 jiji likakipandisha juu hadi futi 20 hivi. Watu huicheka habari hii, nami nacheka nao. Lakini hapo naona pia tofauti kati ya heshima ya serikali na mapenzi ya watu: moja hupigilia msumari, nyingine hubandua usiku.

Lawama yangu kwa kibao hicho ni mbili. Ya kwanza, kilimtaja mmoja pale ambapo kazi ilikuwa ya wanne. Bila mkono wa Johnny, aliyekuwa hai bado siku kile kilipofunuliwa, na bila kalamu ya Dee Dee na sikio la Tommy, sauti ya Joey isingalipata mahali pa kusimama. Ya pili ni nzito zaidi. Miaka miwili mitatu baada ya jiji kulipamba pembe lile, kilabu ya CBGB, iliyokuwa hatua chache tu kutoka hapo, ilikuwa ikipigania uhai wake kwa sababu ya kodi ya pango. Ilifungwa Oktoba 2006. Hilly Kristal akafa mwaka uliofuata, na mwaka 2008 likafunguliwa humo duka la mavazi ya bei ghali, likihifadhi baadhi ya kuta zenye mabango ya zamani kama mapambo.

Haifai kumtafuta mchawi mmoja katika habari hii. Mpangishaji alikuwa shirika la kuwasaidia watu wasio na makao, nalo lilikuwa na haki ya kudai kodi yake; ni vigumu kusema kwamba bendi yastahili paa kuliko maskini. Hata hivyo tunaweza kuliuliza jiji zima. Kibao hugharimu bati na rangi. Chumba ambamo kijana asiyejulikana aweza kupanda jukwaani usiku wa Jumapili, akashindwa, akarudi Jumapili nyingine, hugharimu kodi ya kila mwezi. Jiji lililipa gharama ile nyepesi, kisha likaiacha ile nzito kwa bei ya soko. Bowery ilipokuwa chafu na rahisi ilizaa Ramones. Ilipokuwa safi na ghali ilizaa jina lao kwenye nguzo.

Kibao cha Queens mimi nakiona kuwa bora zaidi, na nitakueleza kwa nini, ingawa najua wako wazazi ambao wangeshangaa. Watauliza: je, yafaa mbele ya shule kuandikwa jina la watu walioimba habari za kunusa gundi, na mmoja wao akafa kwa heroini? Swali hilo si la kipumbavu. Dee Dee alikuwa na kipaji, na dawa zilimla tangu ujana mpaka kaburini; asifikiri mtu kwamba dawa ndizo zilizompa kipaji. Nyimbo zake zilizo bora ni za mtu mwenye macho makali na kicheko kikavu. Matamasha yale 2,263 hayakupigwa na walevi. Yalipigwa na bendi ambayo Johnny aliiendesha kwa amri kama kikosi cha askari, akiwatoza faini waliochelewa. Dee Dee mwenyewe aliiacha safari hiyo mwaka 1989, ingawa aliendelea kuwatungia nyimbo.

Tena shule haijengwi kwa ajili ya wale tu watakaopata vyeti vya kwanza. Katika darasa lako, msomaji, yuko mmoja mrefu kupita kiasi ambaye wenzake humcheka. Yuko mmoja aliyekuja kutoka nchi nyingine, lugha ikamtaabisha. Yuko mmoja mkali asiyependa amri za wengine ila zake. Yuko mmoja aliyelelewa katika nyumba ya ugomvi na kuhamahama. Hao wanne wakikaa nyuma ya darasa, hakuna atakayedhani kwamba jiji litapata kuyaandika majina yao. Johnny na Tommy walikuwa na bendi yao ndogo wakiwa bado wanafunzi wa Forest Hills, katikati ya miaka ya 1960, wakapiga katika sherehe za vijana, haikuwapeleka popote. Johnny akafanya kazi ya ujenzi kama baba yake. Miaka kadhaa ilipita kabla hawajakutana tena na wazo lao. Mwanafunzi anayepita chini ya kibao kile anasoma kwamba watu hao walitoka katika malango haya haya. Kibao cha Bowery chasema, “Hapa palikuwa na kitu.” Kile cha shule kimewekwa mahali ambapo huenda kitu kikawa tena.

Na jina lenyewe limechaguliwa kwa busara, kwa makusudi au kwa bahati. Neno walilolitumia lina maana ya barabara, tena lina maana ya namna ya kutenda jambo, kama neno letu njia. Namna yao ilikuwa kukata kila kisichohitajiwa. Waliondoa sehemu za kujionyesha, wakaondoa maneno ya kujieleza kati ya wimbo na wimbo, wakaondoa hata majina yao ya ukoo. Wengi waliowafuata waliiga jaketi na mavazi yaliyochanika, vitu ambavyo vyaweza kununuliwa. Kukata ni kugumu zaidi kuiga, na nathubutu kusema kwamba hata sisi waandishi wa insha tungefaidika tukijaribu.

Tarehe 30 Aprili 2014 santuri ile ya kwanza ilitangazwa kwamba imefikia kiwango cha dhahabu katika Marekani, yaani nakala 500,000. Ilikuwa imechukua miaka 38. Joey alikuwa amekufa, Dee Dee alikuwa amekufa, na Johnny alikuwa amekufa kwa saratani mwezi wa Septemba 2004. Alibaki Tommy peke yake, naye akafa tarehe 11 Julai mwaka ule ule wa 2014. Kibao cha Queens kilipofunuliwa miaka miwili baadaye, hapakuwa na hata mmoja wa wale wanne wa kwanza wa kusimama chini yake na kuona haya, au kucheka.

Santuri hiyo haikosekani kwa atakaye kuitafuta. Ukiipata, isikilize mara mbili. Mara ya kwanza ifuate sauti ya Joey peke yake, ukiisahau ngurumo. Mara ya pili ufuate mkono wa Johnny unavyoshuka, unavyoshuka, usivyopanda. Mara zote mbili hazitakuchukua saa nzima.